Kisemeo cha Bwana Tolliver

Edmund Tolliver alipatwa na kiharusi akiwa jikoni, amesimama mbele ya sufuria, na kitu cha kwanza kilichompotea hakikuwa mkono wala mguu bali jina la yai. Alilitazama likichemka. Alijua lilikotoka, alijua ladha yake, alikumbuka hata kwamba aliwahi kuandika kitabu kizima kuhusu sayari ambayo mayai ndiyo yaliyokuwa serikali. Jina lenyewe ndilo halikuja. Kufikia jioni, akiwa amelazwa hospitali, majina ya vitu vingine vyote yalikuwa yameondoka pia.

Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane. Kwa miaka hamsini Waingereza walimjua kama mtu aliyewachekesha kwa habari za anga za juu. Alianza kazi ujanani katika idara ya malalamiko ya shirika moja la maji huko kaskazini, akijibu barua za watu waliofungua bomba wakaona matope. Baada ya mwaka mmoja alichoka kuomba radhi, akaanza kuwajibu kwa jina la Karani Obb, kiumbe mwenye mikono saba anayesimamia maji ya sayari tisa, ambaye mkono wake mmoja hauwezi kutia saini mpaka mingine sita iridhie. Mkuu wa idara alimfukuza. Lakini mmoja wa waliojibiwa alikuwa mtayarishaji wa vipindi vya redio, naye aliipeleka barua ile studio badala ya kuipeleka mahakamani. Vikazaliwa vipindi, kikazaliwa kitabu cha kwanza, Foleni ya Kuelekea Jua, vikafuata vingine ishirini na viwili. Mafundi wa kituo cha mwezini waliliita tangi lao la maji Obb, na walipompigia simu kumwambia, aliwauliza kama limeshajaza fomu ya kuwepo.

Miezi minne baada ya kiharusi, madaktari walimwekea kisemeo. Kilikuwa bati dogo, si kubwa kuliko ukucha wa dole gumba, lililopandikizwa nyuma ya sikio, pamoja na spika nyembamba iliyobandikwa kwenye ukosi wa shati. Wagonjwa wengi wa aina yake walikuwa nacho. Kisemeo kilisikiliza ile sehemu ya ubongo ambayo mtu hukusudia jambo kabla hajalipatia maneno, kisha kikamtafutia maneno hayo. Na ili maneno yawe ya Edmund Tolliver na si ya mtu mwingine, kililishwa kila alichowahi kuandika: vitabu, vipindi vya redio, hotuba, barua elfu nane.

Siku kilipowashwa, daktari alimuuliza anajisikiaje. Alichokusudia Edmund ni kusema kwamba anaogopa. Spika ikasema, kwa sauti yake ya zamani, nzito na isiyo na haraka:

"Najisikia kama nyumba iliyouzwa pamoja na makochi yake, kisha makochi yakaombwa yatoe hotuba."

Chumba kizima kilicheka. Daktari alifuta machozi. Edmund naye alicheka kwa upande wa mdomo uliokuwa bado mzima, kwa sababu sentensi ilikuwa nzuri, na angeipata mwenyewe zamani angefurahi siku nzima.

Wiki ya tatu, akiwa amesharudi nyumbani, bega lake la kulia lilianza kumuuma vibaya. Alimweleza muuguzi wa asubuhi. "Bega langu limehama chama," spika ikasema, "na halitaki hata kunisalimia." Muuguzi alicheka, akamwambia hajabadilika hata kidogo, akaondoka. Alimweleza wa jioni. Alimweleza daktari kwa simu. Kila mmoja alicheka kwa namna yake. Siku ya nne alikuja fundi wa visemeo kukikagua kifaa, mwanamke Mtanzania aitwaye Yusta Ndunguru, na alipoegemea bega lile ili afikie sikio, aliona uso wa mgonjwa ukibadilika rangi. Aliacha vifaa vyake, akalipapasa. Lilikuwa limeteguka siku nne nyuma, alipoteleza bafuni.

"Siku nne," Yusta alisema. "Na hukumwambia mtu?"

Edmund alimtazama. Spika ikasema kitu cha kuchekesha kuhusu mabega. Yusta hakucheka.

*

Nyumba ya Tolliver ilikuwa juu ya kilima huko Thornsea, mji mdogo wa pwani ambao bahari ilikuwa imeshaichukua mitaa yake miwili ya chini. Dirisha la sebuleni lilitazama dohani za nyumba zilizozama, na maji yalipokupwa, shakwe walitua juu yake wakagombana. Yusta alifika kila Jumanne na Ijumaa kukikagua kisemeo, kwa gari dogo la hospitali lisilo na dereva, ambalo lilikuwa na tabia ya kuomba radhi kila lilipofunga mlango.

Alimwita Mzee. Ndivyo ambavyo angemwita mtu wa umri ule nyumbani kwao Mbinga, na alipomweleza maana yake Edmund aliridhika, kwa sababu tangu augue watu walikuwa wakimwita mpendwa wetu na kijana wetu, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Mtu mwingine aliyekuja mara kwa mara alikuwa Gerald Finch, wakala wake wa vitabu kwa miaka thelathini. Gerald alikuwa amegundua jambo. Alikuwa akija na kinasa sauti, anamuuliza Edmund kuhusu Karani Obb, na kisemeo kinajibu. Kinajibu kurasa sita, kurasa nane. Kufikia mwezi wa tano tangu kisemeo kiwekwe, alikuwa na muswada wa kurasa mia na themanini.

"Karani Obb Anastaafu," Gerald alisema akiupigapiga muswada gotini. "Edmund, hiki ndicho kitabu chako bora katika miaka ishirini. Nimekisoma kwenye treni, watu wakahama viti kwa jinsi nilivyokuwa nikicheka. Ulikuwa umekificha wapi?"

Edmund alikuwa hajakificha popote. Gerald alipomsomea ukurasa mmoja, alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Wakati wa mahojiano yale alikuwa akifikiria mambo mengine kabisa. Alikuwa akifikiria Muriel, mkewe, na binti yao Judith. Kisemeo kilipokea uzito wa mawazo yale na kuyageuza kuwa mikono saba ya karani ikigombania peni moja ya kutia saini barua ya kustaafu. Alitaka kumwambia Gerald aache.

"Muulize mkono wa nne," spika ikasema. "Ndiyo unaotunza funguo."

Gerald aliinama kwa kicheko, akawasha tena kinasa sauti.

*

Kila baada ya wiki mbili kisemeo kilipaswa kusafishwa. Yusta alikizima kwa kifunguo maalumu, akafungua kifuniko kidogo, akasugua ncha za nyaya kwa pamba. Kazi yenyewe ilichukua dakika kumi, na kwa dakika hizo mgonjwa alibaki bila sauti. Wengi walifumba macho wakasubiri.

Ijumaa moja, katikati ya kusafisha, Edmund alimshika mkono. Midomo yake ilikuwa ikihangaika. Yusta aliacha pamba, akainama. Shakwe walipiga kelele nje, wakanyamaza, wakaanza tena.

"Si," alisema Edmund. Sauti ilikuwa kavu, si ile ya spika. Akapumzika. Akajaribu upya, akakosa, akajaribu. "Si… mimi."

Yusta alirudishia kifuniko na kukiwasha kisemeo, kama alivyopaswa.

"Mzee, umesema si wewe. Ulikuwa na maana gani?"

Edmund alikusanya nia yake yote. Kizime. Kinanifunika. Nina jambo la kumwambia mwanangu.

"Nilikuwa nakanusha mapema," spika ikasema. "Siku hizi mtu akituhumiwa kuwa ni mimi, lazima ajitetee."

Tabasamu lilimponyoka Yusta kabla hajalizuia. Kisha aliyaona macho ya mzee yule, na tabasamu likaisha. Alifunga mkoba wake taratibu, akaondoka bila kuaga vizuri.

Jumanne alirudi na daftari. Aliketi kwenye kiti cha dirishani, mahali ambapo hakuwa na mazoea ya kukaa.

"Nilidhani kifaa kina kasoro," alisema. "Nimekipima mara tatu. Hakina. Halafu nikaanza kusoma maandishi kiliyolishwa, barua na kila kitu. Nimesoma usiku na mchana, Mzee, ofisini wanadhani naumwa." Alifungua daftari, akalifunga. "Nyumbani watu hukatiza shamba la kahawa la baba wakienda kisimani. Hakuna aliyeichora njia ile. Mtu alipita pale alipoona mwenzake amepita, na sasa majani hayaoti. Kisemeo kinafanya hivyo hivyo. Kikihisi unakaribia msiba, au aibu, au mtu unayempenda, kinaangalia wewe mwenyewe ulikuwa ukipita wapi. Na wewe, miaka hamsini, ulipita mahali pamoja tu."

Hakuna mhakiki aliyewahi kumwambia hivyo, na wengi walijaribu. Alitaka kukubali.

"Nilijaribu njia nyingine mara moja," spika ikasema, "nikakuta kibao kwamba inatengenezwa."

"Ulijaribu kweli," Yusta alisema. "Nimeiona." Akasoma kutoka kwenye daftari barua ambayo Edmund alikuwa ameisahau, aliyomwandikia msomaji mmoja wa mji wa Hull aliyefiwa na mumewe. Ilikuwa na mistari mitatu. *Pole sana. Sijui la kusema. Nitakuwa nakufikiria.* "Barua elfu nane, na hii ndiyo peke yake. Kisemeo kimeiweka kwenye makosa ya uchapaji. Kimeona haifanani na wewe."

Akamweleza lililokuwa likimsumbua. Sheria ilikataza kuzima kisemeo cha mgonjwa zaidi ya zile dakika kumi, isipokuwa mgonjwa mwenyewe aombe waziwazi, na ombi lenyewe lilipaswa kutolewa kupitia kisemeo, maana mtu mwenye ugonjwa wake akisema bila msaada huweza kutamka hapana akiwa na maana ya ndiyo. Haikuwa sheria ya kipumbavu. Miaka ya mwanzo familia nyingine ziliwazima wazee wao ili wasilalamike jinsi wanavyotunzwa. Kuna mama mmoja aliyekaa miezi saba kimya, mchana kutwa akitazama ukuta, na fundi aliyekubali kumzima bado anajulikana kwa jina.

"Kwa hiyo nikikuzima nafanya kile kile alichofanya yeye," Yusta alisema. "Na nisipokuzima, sijui kama si hicho hicho pia. Nijuaje lile neno lako lilikuwa ndilo ulilolitaka?"

Alichofanya ni kupima. Kwa mara nne zilizofuata, ndani ya dakika za kusafisha, alimpangia kadi za picha mezani na kumuuliza swali lile lile kwa namna tofauti. Akazigeuza kadi juu chini. Akabadilisha swali ili ndiyo iwe hapana. Kila mara Edmund alichukua kadi ya sikio lenye kisemeo na kuiweka mbali na ile ya uso wake, akaisukuma hadi ikaanguka chini. Mara ya nne aliikanyaga. Yusta aliandika yote, akaipelekea kamati ya hospitali. Walijibu kwamba watalisikiliza ombi lake baada ya wiki sita, na kwamba wakati huo huo asiguse kitu.

Daktari wa moyo alikuwa ameshasema, mbele ya Edmund kama vile hayupo, kwamba kiharusi cha pili kinaweza kuja wakati wowote. Hospitali ilimwandikia Judith. Judith akajibu kwamba atakuja Jumamosi.

*

Hawakuwahi kugombana, baba na binti. Judith alipunguza tu kuja, mwaka hadi mwaka, mpaka akaacha. Ilianzia kwenye msiba wa mama yake, miaka ishirini na saba iliyopita, alipokuwa na umri wa miaka ishirini. Muriel alifariki asubuhi moja ya Machi, na Judith alikuwa peke yake chumbani naye. Edmund aliingia muda mfupi baadaye, akasema amecheleweshwa studio. Siku ya mazishi alisimama mbele ya kanisa lililojaa, akasema: "Muriel amenishinda ubishi wa mwisho. Ameondoka kabla sijamaliza sentensi." Watu walicheka na kulia kwa pamoja, magazeti yakaiandika sentensi ile. Judith, kwenye benchi la mbele, alitazama mikono yake.

Studio hakukuwa na kipindi siku ile. Edmund alikuwa nje ya hospitali, ndani ya gari, mikono kwenye usukani, kwa saa mbili nzima, akishindwa kufungua mlango. Hakuwahi kumwambia mtu. Hilo ndilo lilikuwa jambo lake.

Judith aliingia akiwa na koti la mvua, nywele zimeanza mvi, kitu ambacho Edmund hakuwa amekitarajia. Yusta alikuwepo ingawa haikuwa siku yake, maana hospitali ilitaka fundi awe karibu mgeni akija. Alitaka kutoka, lakini Edmund alimshika mkono wa sweta akamzuia.

"Habari za siku nyingi, Baba," Judith alisema.

Samahani, Edmund aliwaza. Umekuja. Samahani.

"Miaka kumi na mmoja," spika ikasema kwa uchangamfu. "Nilidhani umeenda kuegesha gari."

Kitu kilipita usoni kwa Judith, haraka, kikafungwa. Aliketi ukingoni mwa kochi bila kuvua koti. "Waliniambia umepata shida ya kuongea," alisema. "Naona uko vilevile."

"Waliniongezea spika. Ilionekana nilikuwa sisikiki vya kutosha."

Walizungumza hivyo robo saa. Judith alisema kuhusu kazi yake ya kupima mikondo ya bahari, kuhusu kuachana na mumewe. Kila alichoweka mezani kilirudi kimepambwa. Mara mbili alicheka bila kupenda, na kila alipocheka alionekana kuchoka zaidi. Edmund alijisikia kama mtu aliye nyuma ya dirisha la treni inayoondoka. Hatimaye aliamua kwenda moja kwa moja. Mama yako, aliwaza, kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Siku ile ya mama yako.

Kisemeo kilihisi uzito ule, mkubwa kuliko wowote kiliowahi kuupokea kutoka kwake, na kikaenda kuchukua kitu bora zaidi kilichokuwa nacho.

"Muriel alinishinda ubishi wa mwisho," spika ikasema. "Aliondoka kabla sijamaliza sentensi."

Judith alisimama. Hakupandisha sauti. "Nilijua," alisema. "Nilijua kabisa, na bado nimepanda treni." Alianza kufunga vifungo vya koti.

Edmund alimgeukia Yusta. Hakuwa na kadi wala neno. Aliinua mkono wake mzima hadi nyuma ya sikio, akaufunika, akauacha hapo.

Yusta alisimama katikati ya chumba, na Edmund aliona mambo mengi yakipita usoni mwake: wiki tatu zilizokuwa zimebaki kabla kamati haijaketi, yule fundi anayejulikana kwa jina, barua ya kamati mkobani. Kisha alitoa kifunguo mfukoni.

"Dada Judith," alisema, "naomba ukae dakika chache. Hiki kifaa kinamsemea baba yako, lakini leo hakisemi anachotaka. Ninakizima. Siruhusiwi, na nitaandika kwamba nimefanya. Bila hicho hana maneno mengi, na kila moja litachukua muda. Usimsaidie. Usimkisie."

Taa ndogo nyuma ya sikio ikazimika.

Judith alibaki amesimama. Edmund alifungua mdomo, hakukuwa na kitu. Alikuwa amesahau jinsi ndani kulivyokuwa kutupu, kama ghala lililohamwa. Alitafuta. Akapata neno, likawa siyo, akatikisa kichwa kulifukuza. Dakika ikapita, ikapita nyingine. Jasho lilimtoka. Mahali fulani mle ndani, Karani Obb alikuwa tayari na la kusema, naye akapita pembeni yake kwa shida, kama mtu anayepita mlango uliozibwa na mtu mnene.

"Gari," alisema.

Judith aliachia kifungo cha koti.

"Nje. Mimi… gari. Saa…" Akaonyesha vidole viwili. "Si studio. Gari." Alipumua. Neno la mwisho lilikuwa mbali kuliko yote, na alilifuata kwa dakika tatu nzima huku machozi yakimshuka upande mmoja wa uso asiouhisi. "Niliogopa."

Judith aliketi. Safari hii hakuketi ukingoni.

"Nilikuona," alisema.

Edmund hakuelewa.

"Dirisha la wodi lilitazama maegesho. Nilisimama kuvuta pazia kwa sababu jua lilikuwa likimpiga Mama machoni, nikaliona gari letu. Nikakuona umeshika usukani." Alikuwa akiongea polepole, kana kwamba na yeye maneno yake alikuwa akiyatafuta gizani. "Mama aliniuliza kama umefika. Nikamwambia bado. Sikukuchukia kwa kuogopa, Baba. Hata mimi nilikuwa naogopa. Nilikuwa nasubiri uniambie, basi. Halafu ukasema studio. Halafu ukasema ile sentensi, na kila mtu akaipenda."

Yusta alikuwa amegeukia dirishani, mgongo kwao. Edmund alinyoosha mkono. Judith aliuangalia kwa muda, akauchukua, si kwa furaha, bali kama mtu anavyochukua mzigo aliouacha stesheni ukatunzwa miaka mingi.

*

Yusta aliandika taarifa yake jioni ile ile, akasimamishwa kazi miezi mitatu. Kamati ilikaa wiki iliyofuata badala ya kungoja. Walikuja watatu, wakaketi sebuleni kwa Edmund, na mwenyekiti, mwanamke mkavu aliyekuwa hakimu zamani, akasema kwamba kwa kuwa kanuni haikufikiria mgonjwa wa namna hii, watamsikiliza bila kisemeo, kwa muda wowote utakaohitajika. Ulihitajika muda wa saa tatu. Walimuuliza kama anajua atakachopoteza. Alijibu kwamba anajua, na hakudanganya. Kisemeo kiliondolewa Jumatatu.

Alipoteza mengi. Wauguzi hawakukaa tena kupiga soga, maana hakukuwa na soga. Waliomtembelea kusikia vichekesho walikuja mara moja, wakaangalia saa, wakaondoka kwa adabu. Gerald alileta muswada wa Karani Obb Anastaafu, akauweka mapajani mwa Edmund, akangoja. Edmund aliupitia kwa macho kurasa chache. Herufi zilikuwa zimeanza kumrudia kidogo kidogo, akaweza kuona kwamba ni kitabu kizuri sana, na kwamba pengine hatawahi kuandika kingine, kizuri wala kibaya. Akamrudishia.

"Siyo… changu," alisema.

"Hakuna atakayejua, Edmund."

Edmund alifikiria jinsi ya kumjibu, akaona itamchukua mchana mzima, akatikisa kichwa tu. Gerald alikaa naye mpaka chai ikapoa. Mlangoni alimshika bega, lile zima, kwa nguvu zaidi ya alivyozoea, kisha akaenda na muswada wake, na haukuchapishwa.

Judith alianza kuja Alhamisi. Hakusema kwamba amesamehe, na Edmund hakumuuliza. Alhamisi ya kwanza walicheza drafti. Ya pili ilinyesha, wakatazama bahari ikipanda kwenye dohani. Ya tatu, Edmund alisogeza ubao wa drafti pembeni. Alikuwa ameandaa swali tangu asubuhi, akilirudia bafuni, akilirudia wakati wa kuvaa.

"Wewe," alisema. "Miaka… yote. Habari… zako."

Judith alimtazama kuona kama kuna kitu kinafuata. Hakukuwa na kitu. Alivua viatu, akakunja miguu juu ya kochi kama alivyokuwa akikaa utotoni, akaanza kusimulia, kwanza kwa tahadhari, akisimama kila baada ya maneno machache kana kwamba anangoja kukatizwa. Alisimulia habari za chumba cha kupanga alichoishi baada ya mazishi, na za mimba iliyoharibika ikiwa na miezi mitano bila mtu wa nyumbani kujua. Alisimulia meli ya utafiti iliyomweka kaskazini kabisa majira mawili ya baridi, na jinsi alivyojikuta huko ana amani. Mahali pengine palichekesha. Mahali pengine, zamani, Edmund angekuwa na la kusema kabla hajamaliza.

Alisimulia hadi taa za barabarani zikawaka zenyewe kule chini. Edmund alikaa mbele yake, mikono mapajani, hana jibu lolote aliloliandaa, akamsikiliza mpaka mwisho.